Kochi anamzungusha mdogo wangu kila nafasi ya infildi, hii itamjenga ama itamharibia?

DadakeNambaSita

Habari zenu wadau. Niko na swali na naomba mnijibu kwa roho safi juu hapa kwetu hakuna mtu anaelewa huu mchezo. Mdogo wangu ako na miaka 15, tunakaa Umoja. Alianza besiboli miaka mitatu iliyopita, kuna watu walikuja shuleni kwao na glavu na magongo wakafundisha watoto, wengi waliacha baada ya wiki mbili lakini yeye akaendelea, sahii ako kwa timu ya vijana na kila Jumamosi anapanda matatu asubuhi kwenda mazoezi. Nafasi yake ni shotistopu, mlinzi wa infildi (eneo la ndani lenye besi, vile vituo mkimbiaji hukanyaga) anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, ile huandikwa namba 6 kwa karatasi ya matokeo, na anaipenda hadi madaftari yake yote ameandika 6 kubwa kwa kava.

Sasa tangu muhula huu uanze kochi ameanza kumhamisha hamisha. Wiki moja besi ya pili, wiki ingine besi ya tatu, juzi kwa mechi ya kirafiki akaanzia besi ya tatu akamalizia huko nyuma kabisa kwa autfildi. Alirudi nyumbani kimya, akalala bila kula. Anasema kochi hamwamini, ati mchezaji mzuri hupewa nafasi yake anaachwa nayo. Mzee naye akaongezea, mshika mbili moja humponyoka. Ikawa mbaya zaidi.

Ndoto yake ni kufika ligi kuu ya Marekani. Najua ni mbali sana lakini sitaki kuikata kabla sijaelewa. Kuna mchezaji wa infildi amewahi kujenga kazi yake kwa kucheza kila mahali? Njia yake inakaaje? Ama niende niongee na kochi amrudishe?

MkongweWaWiketi

Dada pole, na hongera kwa kumsimamia mdogo wako. Mimi nilicheza kriketi miaka mingi hapa Nairobi kabla ya kuingia besiboli, siku hizi nafundisha vijana. Kwanza niulize, anarusha na mkono gani? Swali hili lina uzito. Anayerusha na mkono wa kushoto kwa infildi nafasi yake karibu ni besi ya kwanza peke yake, juu ukiwa besi ya pili, ya tatu au shotistopu, kila ukidaka mpira wa chini lazima ugeuze mwili mzima ndio urushe kwenda besi ya kwanza, na hiyo nusu sekunde mkimbiaji ashafika. Besi hadi besi ni futi 90, mita 27 na kitu, mtu mwenye mbio anafika kwa sekunde nne hivi, kwa hivyo hakuna nafasi ya kugeuka geuka.

Kama ni wa kulia basi nikueleze kitu wazazi wengi hawakijui. Shotistopu ndio nafasi ngumu kuliko zote za infildi, anafunika eneo kubwa na anarusha mbali. Kwa hivyo aliyeiva hapo anaweza kusukumwa popote, lakini aliyezoea besi ya kwanza huwezi kumwamsha tu asubuhi moja umwambie leo wewe ni shotistopu. Ukitazama hao wa ligi kuu wanaocheza besi ya pili na ya tatu, wengi walikuwa mashotistopu wa shule zao. Kochi akimtoa shotistopu akampeleka kwingine, mara nyingi ni kwa sababu ameona anaweza, si kwa sababu hamwamini.

Halafu kila nafasi inamfundisha kitu tofauti. Besi ya pili atajifunza kupokea mpira akiwa amempa mkimbiaji mgongo, akanyage besi, ageuke arushe kwa ya kwanza, watu wawili watoke kwa mpira mmoja, na yule mkimbiaji anakuja kumparamia miguu. Besi ya tatu mpira unafika kama risasi, huna muda wa kufikiria, ni mikono na roho ngumu, halafu kutoka pale kuna mrusho mrefu sana. Akirudi shotistopu baada ya hapo atakuwa mtu mwingine.

KunguruWaRongai

Mimi ni shabiki tu nakesha usiku kutazama hizi mechi, na swali lako lina jibu lenye jina kabisa, Ben Zobrist. Mwambie kijana amtafute.

Huyu alizaliwa 1981, akakulia mji mdogo unaitwa Eureka huko Illinois, baba yake ni mchungaji. Akimaliza shule ya upili hakuna chuo kilikuwa kinamtaka. Alilipa dola 50 zake aende siku ya majaribio mbele ya makochi, chuo kidogo cha kanisa ndio kikamwona, baadaye akahamia Dallas Baptist. Timu ya Astros wakamchukua kwa drafti (zamu za timu za ligi kuu kuchagua wachezaji wapya) ya 2004 raundi ya 6, akiwa shotistopu. 2006 wakampeleka Tampa Bay na mwezi wa nane mwaka huo akacheza ligi kuu mara ya kwanza.

Sasa hapa ndio mdogo wako asome vizuri. Hakung'aa. Kugonga kulimshinda, 2007 akarudishwa ligi za chini, na nafasi ya shotistopu ikapewa watu wengine. Angekaa pale akisema mimi ni shotistopu ama sichezi, leo hakuna mtu angemjua. Alirekebisha vile anagonga, akawa na nguvu, na kochi Joe Maddon akaanza kumtumia popote palipo na pengo. 2009 alicheza nafasi saba, zote isipokuwa kumrushia mgongaji mpira na kudaka nyuma yake, akapiga homurani 27 (mpira unaogongwa hadi nje ya uwanja) na akaitwa timu ya nyota wa ligi, akiwa na miaka 28! Watu wakaona kumbe mtu anaweza kucheza kila siku kwa timu bila kuwa na nafasi moja.

2015 akabeba kombe na timu ya Royals. Timu ya Cubs wakampa dola milioni 56 kwa miaka minne, na 2016 kwa fainali na Cleveland, mechi ya saba, inningi (zamu ya kugonga na kulinda) ya kumi, akagonga mpira ukapita pembeni ya besi ya tatu na mkimbiaji akaingia, Cubs wakashinda 8-7, kombe lao la kwanza tangu 1908. Yeye ndiye akawa mchezaji bora wa fainali, na miaka 35. Nilikuwa macho hiyo asubuhi na nilipiga kelele hadi jirani akaja kugonga mlango.

Mtaa_wa_Tatu

Mwambie mzee wako amkumbuke John O'Shea wa Man United. Bek wa kulia, wa kushoto, katikati, kiungo, hadi golini aliingia 2007 tukicheza na Tottenham Van der Sar akiwa ameumia. Ako na medali kadhaa za ligi nyumbani. Hakuna mtu aliwahi kusema Ferguson hakumwamini.

DadakeNambaSita

Asanteni sana, sikutarajia majibu kama haya. Anarusha na mkono wa kulia na kugonga pia ni kulia. Hiyo ya O'Shea nimemsomea mzee, amenyamaza kidogo halafu akasema huyo alikuwa askari. Nimepumua. Lakini kuna mtu anaweza kunieleza ukweli wa hiyo safari yenyewe, pesa, miaka, bila kunificha?

HesabuZaJioni

Nitajaribu dada, na nakuambia haya kwa sababu nimeona familia zikiuza vitu zikimfuata mtoto kwa ndoto ya michezo bila kuuliza maswali uliyouliza wewe.

Mchezaji wa nje ya Marekani anaweza kusainiwa na timu akiwa na miaka 16. Akisainiwa haingii ligi kuu. Anaanza ligi ya wanaoanza, halafu ngazi nne juu yake hadi Triple-A ambayo ni mlango wa mwisho. Mshahara wa huko chini ulipandishwa 2023, ngazi ya chini kabisa ikawa dola 19,800 kwa mwaka na Triple-A 35,800. Kwa pesa zetu inasikika nyingi lakini anaishi Marekani, anakula Marekani. Ligi kuu ndio mambo hubadilika, kima cha chini 2025 kilikuwa dola 760,000, karibu shilingi milioni 100. Hiyo tofauti kati ya mlango na chumba ndio huvunja watu mioyo, kwa sababu wengi hufika mlangoni na hawaingii.

Na hapa ndio kucheza kila mahali kuna faida na kuna uchungu wake. Timu ya ligi kuu ina watu 26. Ukitoa warushaji, ambao kawaida ni 13, na wadakaji wawili, wanabaki 11 hivi wa kujaza nafasi saba pamoja na mgongaji asiyelinda. Kwa hivyo benchi ni watu watatu hivi, na kocha hawezi kumweka hapo mtu anayejua besi moja tu. Yule wa nafasi tano ndiye anaitwa kwanza mwenzake akiumia. Uchungu ni kwamba ndiye pia anashushwa kwanza yule mgonjwa akipona, sheria inaruhusu timu kumpandisha na kumshusha ndani ya misimu mitatu tofauti kabla haijalazimika kumweka ama kumwachilia kwa wengine. Leo ako na timu kubwa, kesho ako kwa basi kurudi Triple-A. Na akidumu, lazima atimize miaka mitatu ya huduma ligi kuu ndio kwa kawaida apate nguvu ya kubishania mshahara, na sita ndio awe huru kuchagua timu.

Sasa mwambie mdogo wako kuhusu Gift Ngoepe, na hii ni stori yetu Waafrika. Ni kijana wa Afrika Kusini, alikulia Randburg, mama yake alikuwa anafanya kazi kwa klabu ya besiboli na walikuwa wanaishi hapo hapo klabuni. Ulinzi wake wa infildi ulikuwa wa hali ya juu. Timu ya Pirates ya ligi kuu walimsaini 2008. Alikaa ligi za chini zaidi ya miaka minane dada, fikiria hiyo, shotistopu, besi ya pili, besi ya tatu, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 26 Aprili 2017 wakamwita, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia bara la Afrika kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo aligonga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika besi ya kwanza. Mimi huwa natazama hiyo klipu na machozi yananitoka hadi leo. Lakini hakufikisha hata mechi 50 za ligi kuu. Glavu ilimfikisha, gongo ndilo lilimrudisha.

Kwa hivyo mtu asimdanganye. Zobrist alikuwa na glavu ya kila mahali NA gongo. Mazoezi ya kugonga yasikose hata siku moja, na shule isiguswe, kuna vyuo Marekani vinavyolipia wachezaji masomo na hiyo njia iko karibu na sisi kuliko drafti.

MkongweWaWiketi

Naunga mkono hapo kwa shule kwa nguvu zote. Na naongeza kwamba majirani zetu wametangulia, Uganda walipeleka watoto wa Lugazi kwa mashindano ya dunia ya Little League (besiboli ya watoto) kule Williamsport, Marekani, 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na 2022 timu ya ligi kuu ya Dodgers wakasaini vijana wawili wa Uganda. Kwa hivyo kuna watu wanaangalia upande huu.

Kuhusu kuongea na kochi, nenda, lakini usiende kumwambia amrudishe. Muulize anamwona wapi na anataka ajifunze nini kila nafasi. Na kijana mwenyewe awepo asikie kwa masikio yake.

DadakeNambaSita

Wadau narudi na ripoti. Nilienda naye Jumamosi. Kochi alishangaa kusikia kijana alilala njaa, akamshika bega akamwambia, mimi nina watoto 14 na wewe peke yako ndio naweza kukupeleka mahali popote mechi isiharibike, kwa nini sikukuambia hivyo mapema ni kosa langu. Sahii shotistopu bado ni yake mechi ngumu, zingine atazunguka. Njiani kurudi aliongea bila kupumua kutoka Kasarani hadi Umoja. Jana nimeona kava la daftari la hesabu, kando ya ile 6 ameandika 4 na 5, namba za besi ya pili na ya tatu.

Tulipita soko la Toi tukapata glavu ya mtumba inchi 11.75, muuzaji hakujua ni ya nini alidhani ni ya pikipiki. Ngozi ni nzuri lakini imekauka haikunji. Tufanyeje?

MkongweWaWiketi

Hiyo saizi itamfaa shotistopu na besi ya tatu vizuri, besi ya pili atavumilia. Msitumie mafuta ya kupikia tafadhali, inaoza. Mafuta ya ngozi kidogo sana kwa kitambaa, asugue pale kwa mkunjo na kwa kiganja, halafu aweke mpira ndani afunge na kamba alale nayo chini ya godoro. Asubuhi adake mipira 50 ukutani. Baada ya wiki mbili itakuwa mkono wake.