Maji ya batiki kabla hayajafika ziwani: kuvu, shabu au mkaa?

Batiki Kirumba
Habari za leo, ndugu zangu. Tuko kinamama sita tunaotengeneza batiki, na maji tunayomwaga huingia kwenye mtaro unaoelekea ziwani, jambo linaloninyima raha kila ninapoona wekundu ukipita mbele ya watoto wanaochota maji. Nimesikia kwamba kuvu iliyokaushwa na kusagwa hunasa rangi. Je, inaishinda shabu au mkaa? Mara nyingi tunatumia rangi za kostiki (soda kali) na haidrosalfaiti (dawa ya unga inayoifanya rangi iyeyuke), na mara chache zile za maji baridi zinazotiwa chumvi na magadi.

Kemia Nyegezi
Dada, usichague dawa kabla ya kutenganisha maji yenyewe. Rangi ya kostiki huyeyuka kwa sababu haidrosalfaiti imeibadilisha; ikipigwa na hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka, ndiyo maana kitambaa hubadilika rangi mara unapokianika. Basi yakoroge maji hayo, yaache yatulie usiku kucha, kisha punguza ukali wa kostiki na utie shabu ili izamishe chembe zilizobaki. Kutumia kuvu hapo ni kupoteza nguvu.

Rangi za maji baridi ndizo zenye shida, kwa kuwa kati ya asilimia 10 na 50 ya rangi inaweza kukosa kushika kitambaa, na kwa kuwa imeyeyuka kabisa, mara nyingi shabu haiikamati vizuri. Hapo ndipo ninapoitetea kuvu. Kuta za seli zake zina kitini, na katika baadhi ya kuvu kitosani pia, yaani viambata vigumu vya kuta hizo, ambavyo ndani ya asidi hupata chaji chanya; rangi hizi zina chaji hasi, hivyo hunata. Hali hiyo huwa nzuri zaidi katika pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) ya 2 hadi 4, ilhali maji yenu huenda yanapita 10. Bila asidi, unga wa kuvu utaelea tu.

Uyoga Buswelu
Nakubaliana, ila si lazima kusaga kitu. Ninaotesha uyoga kwenye mabua ya mpunga, na mifuko iliyokwisha kuvunwa hubaki imejaa nyuzi nyeupe za kuvu. Nilisuuza makapi ya mfuko mmoja, nikayaloweka kwenye ndoo ya maji mekundu ya rangi baridi niliyoyatia siki mpaka karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi, ikageuka. Asubuhi nyuzi zilikuwa rangi ya damu ya mzee, na maji yamefifia yakawa kama chai ya rangi nyepesi. Wekundu ulikuwa umekwenda, lakini uchafu wa mabua yenyewe ulibaki. Kuvu hai nayo hutoa vimeng'enya, kama lakesi, vinavyovunja rangi badala ya kuinasa tu, lakini huchukua siku kadhaa na chumvi nyingi huidhoofisha.

Mzee wa Igogo
Mkaa wa jikoni haufai sana. Unaohitajika ni ule ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu uwe na vitundu vingi vidogo, ambao hunasa rangi za aina nyingi lakini ni wa kununua. Na makapi yakishajaa mtayaweka wapi? Rangi haijafa, imehama tu. Msiyatupe ufukweni mvua ikayaosha.

Kemia Nyegezi
Mzee, shikamoo, umenikumbusha jambo kubwa. Dada, usitie asidi kwenye maji yaliyobaki na haidrosalfaiti, kwa maana hutoa gesi ya salfa inayokaba koo. Yapige hewa kwanza, na fanya kazi hiyo nje.

Batiki Kirumba
Nimeelewa. Tutaweka mapipa mawili, la kostiki na la baridi, na la baridi ndilo litakalopata makapi. Uyoga Buswelu, mfuko unauza shilingi ngapi?

Uyoga Buswelu
Makapi siuzi, dada. Njoo na magunia siku ya kuvuna, ila nirudishie habari za ndoo ya pili na ya tatu, kwa kuwa mimi niliishia ya kwanza.