Naomba ushauri: tusajili shirika letu hapa Minnesota au tuanzie chini ya mwavuli wa wengine?

Wakuu, habari zenu. Naishi Minnesota, Marekani. Tuko familia 13 zinazozungumza Kiswahili, wengi wetu kutoka Kongo, na tunataka kuanzisha shirika lisilo la faida la kuwasaidia wazee wetu kusoma barua, kufika hospitali na kupata mkalimani.

Kabla ya kusajili nilitaka kujua sekta hii ni kubwa kiasi gani jimboni, maana naogopa tusije tukaongeza jina tu kwenye orodha. Hapo nikakwama. Kundi la 501(c)(3), yaani mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi kwa sheria ya Marekani, limebeba kila kitu: hospitali kubwa ya Mayo Clinic, yenye maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi, imo humo pamoja na kikundi cha kina mama wachache wanaogawa chakula. Ukijumlisha mapato, hospitali na vyuo vinameza picha yote. Makanisa hayalazimiki kujaza fomu 990, yaani taarifa ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na wadogo ambao mapato yao kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hutuma taarifa fupi tu, 990-N. Vikundi vya ukubwa wetu nitavipimaje?

Tena ukiacha kutuma miaka 3 mfululizo, msamaha wa kodi unafutika wenyewe. Hilo linaninyima usingizi, kwani sote tunafanya kazi za zamu na hatuna mhasibu.

Mliopitia haya, mlisajili la kwenu au mlianza chini ya shirika kubwa linalopokea fedha kwa niaba yenu? Lilikata asilimia ngapi? Na nimuulize nani hapa anayewahudumia tayari wazee wa Kiswahili?