Roboti yangu inapotea kila ikigeuka mwisho wa korido

Muulizaji:
Wakuu, nisaidieni. Roboti yangu ina magurudumu mawili na kamera moja mbele. Ikienda moja kwa moja, inachora ramani safi kabisa. Ikizunguka nyuzi 90 mwisho wa korido, ramani inakatika. Inayofuata haiungani na ya kwanza: korido ya mita 12 inakuwa kama 7. Lenzi nimeipima kwa ubao wa miraba mara tatu, hadi naota miraba. Tatizo ni kamera?

Jibu:
Kamera yako nzima, mkuu. Programu inashika vialama kwenye picha, tuseme kona ya mlango au ukingo wa swichi, na kuvifuata vinavyohama. Roboti ikisogea, cha karibu kinahama sana, cha mbali kidogo. Umbali unapatikana hapo tu. Ukizunguka papo hapo, vya karibu na vya mbali vinahama pamoja, kwa hiyo hakuna cha kukokotoa. Wakati huohuo vialama vya zamani vinatoka nje ya picha. Na kama mbele kuna ukuta mweupe usio na kialama cha kushika, ndiyo basi tena.

Hizo mita 7 ni jambo jingine. Kamera moja haijui mita. Korido ndogo uliyopita polepole na kubwa uliyopita kwa kasi zinatoa picha zilezile. Programu inajichagulia kipimo, na ikianza upya inachagua kingine. Ipe hesabu ya mizunguko ya magurudumu, au weka kamera mbili ambazo umbali kati yake unaujua. Magurudumu nayo huongopa yakiteleza: roboti za NASA, Spirit na Opportunity, zilizotua Mars mwaka 2004, zilitumia kamera kujua zimesogea kiasi gani hasa mchangani.

Kwanza jaribu bure: geuka kwa tao, usizunguke papo hapo.

Muulizaji:
Tao limekubali! Ila nikirudi nilipoanzia, mlango uleule unatokea mara mbili, umepishana kama nusu mita.

Jibu:
Hayo ni makosa madogomadogo yaliyojumlishana njiani. Washa sehemu ya kutambua mahali ilipowahi kupita. Ikipatambua, itaivuta njia nzima ikae sawa. Lakini usilegeze kigezo chake, yaani picha zifanane kiasi gani ndipo ikubali kuwa ni mahali palepale. Mimi nililegeza, roboti ikafika ghorofa ya pili, ikaona milango inafanana na ya chini, ikakunja ghorofa zote mbili kuwa moja. Ramani ya siku nzima niliifuta.