Mtoto kanibana: kama kitu kizito kinavutwa zaidi, mbona hakitangulii kufika chini?

BabaPacha:
Wakuu, heshima kwenu. Nimebanwa na binti yangu wa darasa la sita, naombeni mniokoe kabla hajaja na swali la pili.

Jana alikuwa anajisomea habari za nguvu ya uvutano. Kitabu chake kinasema kitu chenye kilo nyingi huvutwa na Dunia kwa nguvu zaidi. Ukurasa unaofuata, kitabu hicho hicho kinasema vizito na vyepesi huanguka sawasawa. Akaniuliza, "Baba, sasa ile nguvu ya ziada inakwenda wapi?" Nikajifanya napokea simu.

Nimejifungia chumbani nikaangusha daftari na karatasi. Daftari puu! Karatasi bado inayumbayumba hewani. Kitabu kinadanganya, au mimi ndiye sijaelewa?

Mchokonozi:
Kitabu kiko sawa mkuu, kasoro hakijakutajia hewa. Chukua karatasi hiyo hiyo, ifinyange iwe kidonge, kisha angusha tena na daftari. Uzito wake haujapungua wala kuongezeka, lakini sasa vitatua karibu pamoja.

FundiMizani:
Mchokonozi umejibu swali la baba, la binti bado. Hata hewa yote ukiiondoa, swali lake liko palepale.

Nguvu ya ziada haipotei, inatumika yote. Kitu kizito kinavutwa sana, ila nacho ni kigumu kusogea. Fikiria toroli tupu na toroli lililojaa mchanga: ili yaondoke kwa mwendo mmoja, lililojaa lazima ulisukume kwa nguvu zaidi. Kilo 1 inavutwa kwa nyutoni 9.8 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Kilo 10 zinavutwa kwa nyutoni 98, lakini hizo 98 zina kilo 10 za kusogeza. Gawanya, kila kilo inabaki na 9.8 yake. Ndiyo maana, pasipo hewa, msumari na nyundo vyote huongeza mwendo kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde inayopita.

KumbukumbuZaKale:
Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliumaliza ubishi huu kwenye kitabu chake cha 1638 kwa kufikiri tu. Tuseme jiwe zito ndilo linalowahi. Lifunge kamba na jiwe jepesi. Jepesi litamchelewesha mwenzake, basi yote mawili yatachelewa kuliko zito likiwa peke yake. Lakini yakishafungwa pamoja ni mzigo mzito zaidi, basi yanapaswa kuwahi! Hayawezi kuchelewa na kuwahi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo dhana ya mwanzo ndiyo mbovu.

Na Agosti 1971 David Scott, mwanaanga wa Apollo 15, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini, aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, ambako hakuna hewa. Vikatua pamoja. Video ipo, mwonyeshe.

MsomajiTu:
Samahani kuingilia. Si tunaambiwa huko juu hakuna uvutano, ndiyo maana wanaanga wanaelea?

FundiMizani:
Mwezini uvutano upo, kama moja ya sita ya huu wetu. Wale wanarukaruka, hawaelei. Wanaoelea ni wa kituo cha anga za juu, na hata pale, kilomita 400 hivi juu, uvutano wa Dunia ni karibu asilimia 90 ya huu wa chini. Wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, huku wakienda mbele kilomita 7.7 hivi kwa sekunde. Kadiri wanavyoshuka, ndivyo Dunia nayo inavyopinda chini yao.

BabaPacha, toboa matundu mawili chini ubavuni mwa chupa ya plastiki, jaza maji, usifunge kizibo. Yakianza kuchuruzika, panda juu ya kiti uiachie. Angalia matundu tu.

BabaPacha:
Mrejesho. Mkononi maji yalikuwa yanaruka vizuri tu. Nilipoachia, yakakata, kama mtu kaziba matundu kwa vidole, mpaka chupa ilipogonga sakafu. Tumerudia mara saba. Sebule imelowa na mama yake hanisemeshi.

Nimemweleza kwamba maji na chupa vinaanguka pamoja, hivyo maji hayakandamizi tena chini wala pembeni. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo na Mwezi unaanguka?"

FundiMizani:
Unaanguka. Kila sekunde unashuka kuelekea kwetu kwa zaidi kidogo ya milimita 1, na ndani ya sekunde hiyo hiyo unakuwa umekwenda kando kilomita 1 hivi. Kwa mwendo huo, haufiki. Jiandae, kesho atauliza nani aliusukuma.