Mafuriko Marekani: gavana abebe mzigo, au Washington?

Wakuu salaam. Januari 2025 Trump alikwenda North Carolina kuangalia uharibifu wa kimbunga Helene, akasema anafikiria kuifumua FEMA, lile shirika la maafa la serikali ya shirikisho, au kuifuta kabisa, na fedha wapewe majimbo wajihudumie. Tangu siku hiyo kila tukikutana Wabongo hapa Houston, Texas, ubishi ni huo. Wengi wanamuunga mkono. Mimi napinga.

Agosti 2017 kimbunga Harvey kilitunyeshea mvua ya siku nne mfululizo. Maji kwangu yaliingia kimyakimya kwa mlango wa nyuma, yakafika magotini. Yalipopungua tulikata jipsamu ya ukuta futi nne kutoka chini kabla ukungu haujapanda. Mtaa mzima kila nyumba ilikuwa imerundika vitu vyake kando ya barabara: mazulia, magodoro, friji zilizozungushiwa selotepu maana hakuna aliyethubutu kuzifungua.

Sasa sikilizeni habari ya hela. Texas ilikuwa na akiba ya karibu dola bilioni 10, na yenyewe wanaiita mfuko wa siku ya mvua. Sijui walikuwa wanasubiri mvua gani. Meya wa wakati huo, Sylvester Turner, aliomba iguswe. Gavana Greg Abbott akakataa kuitisha kikao maalumu cha bunge la jimbo, akampa dola milioni 50 kutoka fungu jingine.

Halafu Washington ikaleta mabilioni ya kujikinga na mafuriko yajayo, yakapitia ofisi ya ardhi ya jimbo. Mei 2021 jimbo likatangaza mgawo wa kwanza, kama dola bilioni 1. Serikali ya jiji la Houston na ya kaunti yetu ya Harris zilipata ngapi? Sifuri. Machi 2022 wizara ya nyumba ya shirikisho ikasema vigezo vya mgawo vile viliwabagua weusi na Walatino. Hizo ndizo "fedha wapewe majimbo". Nawasilisha.

#2
Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, ila umechagua kesi inayokufaa. Na ungesema pia kwamba Texas walikanusha hayo ya ubaguzi. Twende New Orleans, kimbunga Katrina, 2005. Kuta za mifereji zilizobomoka na kuzamisha kama asilimia 80 ya mji zilijengwa na nani? Jeshi la wahandisi la hao hao Washington. Wananchi walipoenda mahakamani wakaambiwa kuna sheria ya 1928, serikali haishtakiwi kwa maji yaliyopita kwenye kazi zake za kuzuia mafuriko. Mkuu wa FEMA, Michael Brown, alijiuzulu wiki mbili baada ya kimbunga, basi, kesi imekwisha. Gavana walau unamsubiri kwenye sanduku la kura. Afisa wa Washington utamkamatia wapi?

#3
Mnabishana kana kwamba ni lazima achukue mmoja. Kwa sheria ya maafa ya shirikisho ya 1988 gavana ndiye anayeomba, rais ndiye anayetangaza, na shirikisho linalipa angalau asilimia 75 ya kurudisha barabara, shule na mitambo ya maji. Jimbo linabaki na usukani. Ukifuta hilo, Texas na Florida watahangaika lakini watasimama. Mississippi je? Katrina ilikomba pwani yao yote. Hizo asilimia 75 wangezitoa wapi?

#4
Habari zenu kutoka Busia. Huku kwetu katiba ya 2010, Jedwali la Nne, maafa yameandikwa kwenye orodha zote mbili, ya serikali ya kitaifa na ya kaunti. Kwa hiyo mto Nzoia ukivunja kingo Budalang'i, kila upande una karatasi ya kumwonyesha mwenzake. Sheria yenu walau inasema nani apige simu kwanza. Mshukuru.

Mleta mada
#2, kaka, la kuta nakupa, lile halina utetezi. Lakini Katrina ile ile ina picha ya mabasi ya shule ya New Orleans yamepangwa kwenye yadi, maji yamefika madirishani. Hayakuwa ya Washington yale. Watu wasio na magari walibaki mjini, mabasi yakabaki mjini, wote wakazama.

Na hilo la kura ndilo linaloniudhi zaidi. Gavana huchaguliwa na Texas nzima, kuanzia El Paso hadi Beaumont. Sisi wa Harris tuliozama ni kona moja tu. Mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya maji, Abbott alishindwa Harris na akashinda jimbo bila jasho. Sanduku gani hapo?

#3 nakubaliana nawe karibu kote. Boti, helikopta, shule za kulaza watu, hayo gavana na meya wanayajua kuliko mtu aliyetua jana na begi. Waachiwe. Hela ya kujenga upya ndiyo nataka iruke ofisi za Austin, makao makuu ya jimbo, ije moja kwa moja kwa mji uliozama. Nani ana tatizo na hilo?

#2
Mimi. Meya akiila je?