Msaada: nawezaje kupanga picha kwa ukubwa wa pikseli na sio kwa MB?

StudioYaMwanga

Wakuu habari za saa hizi, naomba msaada kwa anayejua haya mambo. Mimi ni dada, nina studio ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini, napiga picha na kuprinti. Sasa hivi nina kazi ya familia moja ya Ujiji, wameozesha binti yao na wanataka albamu ya inchi 8x10, na juu yake fremu mbili za ukutani za inchi 20 kwa 30.

Shida ni kwamba picha zimetoka kila kona. Kuna zangu za kamera, kuna za wajomba waliopiga kwa simu, kuna zile zilizorushwa kwenye gurupu la harusi la WhatsApp, kuna skrinishoti za status za watu, alafu kuna za zamani za familia maana bibi harusi anataka ukurasa wa kwanza uwe na picha ya bibi yake aliyefariki. Vyote vimemwagwa kwenye flashi moja, folda ndani ya folda, majina yamechanganyika, nyingine zimejirudia.

Nataka kujua ipi inaweza kuprintiwa kubwa na ipi haiwezi kabla sijaanza kupanga kurasa. Nimepanga kwa Size lakini naona haieleweki, kuna picha ya MB 3 ni kubwa safi kabisa ukiifungua na kuna ya MB 5 ni ndogo kuliko hiyo. Kuna namna ya kuziambia zijipange kwa pikseli zenyewe, upana na urefu? Natumia Windows, bando sina la kushusha vitu vizito. Hii familia nimekua nayo mtaa mmoja, sitaki kuwapa kitu chenye ukungu.

Kamera_Kibirizi

Dada pole na kazi. MB zinakuchanganya kwa sababu JPEG inabana picha kulingana na kilichomo ndani yake, sio kulingana na upana na urefu peke yake. Mimi napiga sana Kibirizi asubuhi. Ziwa likiwa limetulia na anga tupu, pikseli 6000 kwa 4000, faili linatoka dogo tu maana eneo kubwa ni rangi ile ile, hakuna cha kuandika pale. Geuka hapo hapo ulipo upige dagaa walioanikwa kwenye mchanga, kila dagaa na kivuli chake na kila punje ya mchanga inaonekana, faili linaweza kuruka mara mbili au zaidi, na kamera ni ile ile, pikseli ni zile zile, kwenye karatasi zote mbili zinaprintika saizi ile ile. Tena hapo hatujagusa habari ya mtu kuhifadhi upya kwa ubora wa chini, faili linashuka MB lakini pikseli zinabaki kama zilivyo. Kwa hiyo MB kwa kazi hii achana nazo.

Windows yenyewe inaweza, huhitaji kushusha kitu. Kwanza hamishia picha kwenye kompyuta, folda ya Pictures, kwenye flashi itakuwa inavuta miguu. Fungua folda, weka View kuwa Details, alafu bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya vichwa vya safu pale palipoandikwa Name na Date, chagua More, tiki Dimensions, Width na Height. Dimensions inakuonyesha namba zote mbili pamoja, nzuri kwa kusoma, ila kwa kupangia tumia Width au Height, ukibofya kichwa chake zinajipanga kutoka kubwa kwenda ndogo.

Na kwa kuwa umesema ni folda ndani ya folda, nenda kwenye kile kisanduku cha kutafutia juu kulia uandike hivi:

width:>=2400 height:>=2400

Itakuletea kutoka folda zote za ndani picha ambazo pande zote mbili zimefika 2400. Hizo ndizo za 8x10. Hesabu yake ni inchi mara 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi, kwa hiyo 8x10 inataka 2400 kwa 3000, 4x6 inataka 1200 kwa 1800, A4 ni 2480 kwa 3508. Nimekuwekea 2400 pande zote kwa sababu picha nyingine zimesimama na nyingine zimelala, ukiuliza upana tu utazikosa zilizosimama. Upande mfupi ukifika 2400, kwa picha ya kawaida ya simu au kamera ule mrefu lazima umeshavuka 3000.

Fremu za 20x30 usihangaike na 300, hiyo mtu anaitazama akiwa amesimama mbali, 150 inatosha, yaani 3000 kwa 4500. Kamera yako kama ni ya megapikseli 24 inatoa 6000x4000, hapo unapata 200 kwa inchi, safi sana.

Tabora_Data

Nawasalimu majirani wa reli, niko Tabora. Alichosema hapo juu ni sahihi, naongezea tu kwa sababu kuziona kwenye orodha ni kitu kimoja na kuzitenganisha ni kitu kingine. Ukiwa na picha nyingi zilizochanganyika hivyo tumia ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizo ndani ya faili la picha, ni ya bure, ameitengeneza Phil Harvey, na sio nzito hata kwa bando la kawaida. Haina madirisha ya kubofya, unaandika komandi, usiogope.

Ukishaishusha, ndani utakuta faili linaitwa exiftool(-k).exe, libadilishe jina liwe exiftool.exe, na ile folda ya exiftool_files iliyokuja nayo ikae pembeni yake hapo hapo, ukiiacha nyuma programu haitafunguka. Kisha fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia komandi, ndani ya folda hiyo uandike, tuseme picha zako ziko D kwenye folda ya harusi:

exiftool -r "-Directory<D:/kwa_ukubwa/$ImageSize" D:/harusi

Itasoma kila picha na kuihamishia kwenye folda yenye jina la vipimo vyake, yaani utakuta folda ya 6000x4000, ya 4000x3000, ya 1600x1200, ya 720x1600 na kadhalika. Kwa kazi kama yako hii ni dawa, kwa sababu vipimo vinakuambia picha ilipotoka. 6000x4000 hizo ni za kamera. 4000x3000 ni simu, faili halisi. Ukiacha 720x1600, yoyote ambayo upande mrefu ni 1600 ujue karibu hakika imepita WhatsApp kwa njia ya kawaida. 720x1600 au 1080x2400 hizo ni skrini za simu, ndio skrinishoti zako, zimejitenga zenyewe bila kufungua hata moja.

Vitu vitatu vya kuzingatia. Inahamisha, hainakili, kwa hiyo fanya kwenye nakala, flashi ya mteja iache kama ilivyo. Folda ya kupelekea iwe nje ya ile ya picha, la sivyo ukirudia itazisoma tena zile ilizokwisha kuzihamisha. Na kama kuna mbili zenye jina moja na vipimo sawa, mfano DSC_0012 kutoka kamera mbili, haitafuta ya kwanza, itagoma na kuiacha ya pili pale ilipokuwa, kwa hiyo ukimaliza angalia kilichobaki kwenye folda ya harusi.

Kama unataka tu kutoa zile zinazofaa 8x10:

exiftool -r -if "$ImageWidth >= 2400 and $ImageHeight >= 2400" "-TestName=D:/kubwa/%f%-c.%e" D:/harusi

Hii kwanza inakuonyesha ingefanya nini bila kugusa kitu. Ukiridhika badilisha TestName iwe FileName, urudie. Hiyo %-c inaongeza namba mwishoni kama jina limegongana, kwa hiyo hapa hakuna itakayobaki nyuma.

Alafu usishangae picha iliyosimama kukaa kwenye folda ya 6000x4000. Kamera nyingi ukiziinua wima zinahifadhi ikiwa imelala vilevile na kuandika alama ndani kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Ndio maana kuangalia upande mfupi kunafaa, haijali picha imekaaje.

MamaAlbamu

Mwanangu hongera kwa kuwajali wateja wako. Nimefanya albamu miaka mingi, naomba niseme upande ambao kompyuta haiwezi kukusemea.

Pikseli nyingi sio lazima picha nzuri. Kuna watu wanachukua picha ya 800 wanaivuta kwa programu mpaka 3200, komandi zako zitaiweka kwenye folda ya kubwa, lakini ukiikuza skrini kwa asilimia mia unaona macho ni mafuta matupu, hakuna kope. Kwa hiyo folda ikishapangika zipitie kwa jicho, moja moja, asilimia mia, uangalie macho na nywele. Na usiende haraka na zile ndogo. 1600 kwa 1200 kwenye 4x6 inatoka vizuri tu, kwenye 8x10 inashuka kama 150 kwa inchi, inaonekana laini kidogo ila mbili au nne kwenye ukurasa mmoja hakuna atakayelalamika. Kwenye fremu ya ukutani ndio usiiweke.

Kubwa zaidi, ukishajua zipi zimepita WhatsApp, zifuate zilikotoka. Majina yenyewe yanasema, IMG kisha tarehe kisha WA na namba. Mpigie mjomba aliyepiga, kwenye simu yake ile halisi bado ipo, mwambie akutumie kama dokumenti, sio kama picha, inakuja vilevile bila kubanwa. Tangu Agosti 2023 wameweka na HD pia, inasaidia, ila bado inabana kwa hiyo mimi nashikilia dokumenti. Wengi hawajui hiyo njia, waelekeze kwa upole, wabofye ile alama ya pini wachague Document. Hiyo simu moja inakupa ubora ambao hakuna programu itakayokupa.

Na ya bibi. Usikubali ile iliyopigwa picha juu ya picha. Uliza kwenye ukoo nani ana ile ya karatasi, lazima ipo mahali, kwenye kabati au kwenye sanduku la mtu. Ukiipata ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, iskani kwa 600. Karatasi ya 4x6 ukiiskani kwa 600 unapata 2400 kwa 3600, hiyo inajaza ukurasa wa 8x10 bila tatizo. Kama imeganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, utamwondoa uso, iskani na kioo chake.

StudioYaMwanga

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na nimeshaifanya. Ile ya folda kwa vipimo imenifungua macho, nimeona kumbe kundi kubwa kuliko yote ni zile za 1600, na mbili za kanisani nilizokuwa nazitegemea zilikuwa humo humo, kwa macho kwenye skrini zinaonekana safi huwezi kujua. Mjomba mmoja ametuma kwa dokumenti zimekuja 4000x3000, unaona mpaka uzi wa kitenge cha mama mkwe. Mama asante, shangazi yao Ujiji anayo ya karatasi ya bibi, amekaa kwenye kiti mlangoni, imeanza kukunjamana pembeni ila uso mzima. Naiskani kwa hiyo 600.

Swali la mwisho. Nikiweka zangu za kamera kwenye 8x10 inakata watu wa pembeni, na pikseli zinatosha kabisa. Za simu hazikati sana. Kwa nini?

Kamera_Kibirizi

Hapo ni uwiano wa pande, sio wingi wa pikseli. Kamera yako ni 3 kwa 2, karatasi ya 8x10 ni 5 kwa 4, imekaribia mraba zaidi. 6000x4000 ukitaka ijaze 8x10 inabidi ibaki 5000x4000, pikseli 1000 za upana zinaondoka, na kwenye picha ya ukoo mzima hao ndio wale wajomba wawili wa mwisho. Simu nyingi ni 4 kwa 3, kwa hiyo 4000x3000 inabaki 3750x3000, inapoteza kidogo sana.

Zile za makundi usikate, ziweke nzima upana wa inchi 10, urefu utatoka 6 na theluthi mbili hivi, juu na chini acha nyeupe au weka majina yao. Za maharusi wawili kata tu, pembeni hakuna mtu. Fremu za ukutani huna kazi yoyote, 20x30 ni 3 kwa 2 kama kamera yako, inaingia nzima.