Mama kaambiwa ana "uvimbe wa ndani", CRP 7.8. Ndiyo nini hii?

Mwana Kilosa
Wakuu, shikamooni waliotangulia. Mama yangu ana miaka 64, yuko Kilosa, mimi niko Dar. Juzi alipimwa damu kwa ajili ya magoti, akarudi na karatasi imeandikwa CRP 7.8. Aliyempa majibu akamwambia, "Mama, una uvimbe wa ndani wa muda mrefu." Basi, kaishia hapo. Simu za ukoo zikaanza. Shangazi kasikia uvimbe, keshasema saratani. Mjomba anauliza auzwe ng'ombe yupi. Mama mwenyewe hali vizuri, siku ya tatu leo. Ana presha na dawa anameza. Magoti anayatuliza kwa diklofenaki za dukani, mwaka wa nne huu. Huo uvimbe uko wapi hasa? Akapige picha?

Hadubini
Mkuu, ng'ombe muacheni kwanza. Niko maabara mwaka wa 11 na neno hili limenitesa. Donge tunaliita uvimbe, na kidole kilichochomwa mwiba kikawa chekundu, cha moto, nacho tunasema kina uvimbe. Mama kaambiwa huo wa pili, ila wake uko ndani na hauonekani.

CRP ni protini ya ini, hupanda kinga ya mwili inapopambana. Nimonia kali huipeleka juu ya 100 kwa siku mbili tu, mtu akipona inashuka. Ya mama ni kama moto wa pumba, hauwaki wala hauzimiki. Ikibaki juu ya 3 muda mrefu, hatari ya moyo na kiharusi inaongezeka. Umri nao huchangia: chembe zilizochoka hazigawanyiki wala hazifi, zinakaa tu zikimwaga kemikali za kuchochea kinga. Mtafiti Mtaliano, Claudio Franceschi, mwaka 2000 aliiita hali hiyo "inflammaging", yaani uvimbe wa uzee.

Ila kipimo kimoja hakitoshi, hata mafua ya juzi yanakipandisha. Arudie baada ya wiki mbili tatu akiwa hana homa. Tena CRP haisemi moto uko wapi, ni kuutafuta. Ana kitambi? Sukari kapima? Fizi zinatoa damu akipiga mswaki?

Bi Tangawizi
Pole mwanangu. Manjano, tangawizi na asali kila alfajiri, uvimbe wote unakwisha. Ninayo tayari kwenye chupa, njoo inbox.

Hadubini
Bi Tangawizi, shikamoo. Manjano tuyaache kwenye mchuzi. Kiini chake kinachosifiwa hupenya kidogo mno kwenye damu.

Mwana Kilosa, kinachonitisha mimi ni hizo diklofenaki kuliko hiyo 7.8. Miaka minne, juu ya dawa za presha? Zinapandisha presha, zinachubua tumbo, zinaumiza figo. Daktari wake anajua? Apimwe figo.

Kinyago
Swali la uchokozi. Sisi wa minyoo na malaria tangu utotoni si wote tungekuwa na CRP juu? Watsimane wa msituni Bolivia wanayo juu kwa sababu ya maambukizi, lakini utafiti wa 2017 ulikuta mishipa yao ya moyo ni safi kuliko ya watu wowote waliowahi kupimwa. Wanatembea kutwa, wanalima, wanavua.

Hadubini
Kweli kabisa, moto wa minyoo si sawa na moto wa kitambi. Na kuuzima wote ni hatari: mwaka huohuo 2017 yalitoka majibu ya kanakinumabu, dawa ya kuzima moto huu iliyojaribiwa kwa watu kama 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Mashambulio yalipungua bila kolesteroli kuguswa, lakini vifo vya maambukizi vikaongezeka.

Mwana Kilosa
Nimempigia. Kitambi hana. Sukari hajawahi kupima. Fizi sasa: kumbe jino la nyuma limeoza tangu harusi ya dada, 2019, anatafuna upande mmoja. "Mbona hukusema?" "Mbona hamkuuliza?" Jumatatu anakwenda kuling'oa, figo na sukari atapima hukohuko. Diklofenaki nimemwomba aache mpaka amuone daktari, kaguna.

Ng'ombe yupo. Shangazi sasa anauliza kama na jino nalo hupata saratani.